Kijiji kiitwacho Hell, na mjomba wangu aliyedhani dunia imeisha

Kila ifikapo Januari picha ile ile huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Kituo kidogo cha treni, theluji imefunika reli, na ubao wenye herufi nne: HELL. Juu ya picha mtu amebandika maneno, "Jehanamu imeganda." Mara ya mwisho aliyenitumia alikuwa mjomba, kwenye grupu la familia, na chini yake ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Wazungu, alisema, sasa wamefikia kukiita kijiji chao motoni, na kwenye jengo lilelile wameandika jina la Mungu kwa kejeli, halafu sisi tunashangaa mvua hazinyeshi. Shangazi wawili wakaitikia kwa astaghfirullah.

Nikaandika, "Shikamoo mjomba. Hilo ni jina la shamba tu."

Akajibu, "Marahaba. Shamba la nani? La shetani?"

Nilicheka, lakini swali lenyewe lilikuwa zuri kuliko alivyokusudia. Majina mengi ya Norwei, ya vijiji na ya watu, hayaeleweki mpaka ujue shamba ni nini kwa Mnorwei. Tuanze na kijiji chenyewe, maana mambo mengi yanayosemwa juu yake hayako hivyo.

Hell ni mahali halisi. Kipo katika manispaa ya Stjørdal, mkoa wa Trøndelag, katikati ya Norwei, kilomita kama 30 mashariki ya mji wa Trondheim. Wakazi wake wanazidi elfu moja, si wengi. Trøndelag ni moja ya sehemu za Norwei zenye udongo wa kulimika vizuri, kwa hiyo kuizunguka nyumba na maduka kuna mashamba ya shayiri na majani ya mifugo. Ng'ambo ya mto ni uwanja wa ndege wa Værnes unaohudumia Trondheim. Kilichokipa kijiji umaarufu ni reli: hapo ndipo njia mbili zinapoachana, moja ikielekea mashariki hadi Sweden, nyingine ikipanda kaskazini hadi Bodø, zaidi ya kilomita 700 kutoka Trondheim. Abiria wengi wamepita hapo, na wenye kamera hawakuuacha ule ubao.

Sasa neno. Kuna maneno matatu hapa, na fujo yote inatokana na kuyachanganya.

Kwanza, kuna "jehanamu" kwa Kinorwei. Hiyo huitwa helvete. Mnorwei akitaka kukutukana akupeleke motoni atakutajia helvete. Kukuambia uende Hell ni sawa na mtu wa Dar kukuambia uende Chalinze. Pili, kuna neno la kawaida hell katika Kinorwei cha leo, na maana yake ni bahati njema. Mtu mwenye bahati ni heldig. Ajali au mkosi ni uhell, yaani bahati iliyotiwa ukanushi mbele. Tatu, kuna jina la kijiji, ambalo halikutokana na jehanamu wala na bahati. Limetokana na hellir, neno la Kinorwei cha kale lenye maana ya jabali lililochomoza na kuacha uwazi chini yake, pango lisilo na kina kirefu. Watu wa Iceland, ambao lugha yao haijabadilika sana tangu enzi hizo, mpaka leo wakisema pango wanasema hellir.

Yaani kijiji kinaitwa Pango. Wasomaji wa Pwani ya Kenya watalielewa hilo bila kufafanuliwa, maana kule Kwale kuna Shimoni, na jina limetoka kwenye mapango yaliyo hatua chache tu kutoka gatini. Hakuna aliyewahi kuwauliza watu wa Shimoni kwa nini wanaishi shimoni.

Ukitaka kuona kosa la mjomba kutoka upande wa pili, nenda Same, mkoani Kilimanjaro. Mwingereza akishuka stendi pale anaona bango kubwa la SAME, na kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya "ileile". Anaweza kupiga picha na kuwatumia jamaa zake: basi limetembea mchana kutwa na bado tuko palepale! Watacheka. Sisi tutamtazama tu. Jicho lake limesoma herufi zetu kwa lugha yake, na ndivyo ulimwengu wote ulivyofanya kwa Hell.

Hata matamshi yenyewe yako mbali. Wenyeji wa Trøndelag wana namna yao ya kuitamka "ll", ulimi ukipanda na kugusa juu ya kinywa, ikatoka karibu na "ly". Ukimsikiliza mzee wa huko utasikia kitu kama "helyi" iliyokatwa mwishoni kabla irabu haijatoka. Kuhusu lile "-ir" la hellir, limepotea kama yanavyopotea mambo mengi kwenye jina linalotamkwa kila siku. Nani bado anasema Dar es Salaam yote anapomwita kondakta?

Kwa nini pango likapewa heshima ya kuwa jina la mahali? Kwa sababu lilikuwa na kazi. Katika nchi ya mvua ya baridi na theluji, mwamba uliochomoza ni paa la bure. Mchungaji anajikinga pale, kondoo wanajikinga, msafiri anakaa mpaka dhoruba ipite. Kwamba watu wamekuwa wakiishi na kuwinda maeneo hayo tangu zamani sana kunathibitishwa na michoro iliyochongwa juu ya mwamba hapohapo Hell, paa wa nchi za baridi wenye pembe za matawi, kazi ya watu wa Zama za Mawe. Wanorwei huiita michoro kama hiyo helleristning. Msitishike: helle ni bamba la jiwe, na ristning ni uchongaji. Linafanana na hellir kwa sababu yote mawili yanahusu mwamba. Ukizoea, unaanza kuliona jiwe kila mahali palipokuwa na moto.

Na ule ubao wa pili uliomkasirisha mjomba? Kwenye jengo la kituo, chini ya jina, kuna maandishi ya zamani: Gods-expedition. Mwenye kujua Kiingereza anasoma "msafara wa Mungu", tena chini ya neno jehanamu, na hapo hata mtulivu hushtuka. Ila gods kwa Kinorwei ni mizigo, ileile mizigo ya kupakia kwenye behewa, na expedition hapa ni kushughulikia na kusafirisha. Ubao unamwambia mkulima: gunia zako zilete dirisha hili. Ni Ofisi ya Mizigo, tahajia ya zamani tu. Leo wangeandika godsekspedisjon kwa pamoja, na utani ungepungua nusu.

Watu wawili watatu wakishakubali kwamba si jehanamu ya Biblia wala ya Kurani, huja na nadharia nyingine: basi itakuwa ni Hel, mungu mke wa wafu katika dini ya kale ya watu wa kaskazini. Hii inavutia zaidi na imekosea vilevile. Ni kweli Hel yupo katika masimulizi hayo, binti wa Loki, mungu mwenye hila, na makao yake ndiko walikokwenda waliokufa kwa maradhi na uzee, si vitani. Ni kweli pia kwamba neno la Kiingereza la jehanamu na jina la Hel ni ndugu, na asili yao ni kufunika, kuficha, mahali pasipoonekana. Hata helvete ya Kinorwei imeundwa kwa Hel na neno la adhabu. Lakini hellir ni ukoo mwingine, ukoo wa mawe. Yamefanana kwa sura baada ya kuchakaa, kama wazee wawili wasio ndugu wanavyofanana wakishang'oka meno.

Jambo moja la kuongeza hapa, kwa sababu linachekesha: makao ya Hel katika masimulizi hayo hayakuwa ya moto. Yalikuwa ya ukungu na baridi. Waingereza wana msemo kwamba jambo lisilowezekana litatokea siku jehanamu itakapoganda, kama sisi tunavyosema siku punda atakapoota pembe. Ndiyo maana ile picha ya theluji inawachekesha sana. Hapo Hell baridi huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtu wa zama za Waviking, wale mabaharia wa kale wa kaskazini, angeuliza tu: kwani ulitaraji joto?

Wenyeji wenyewe, wameona aibu? Hapana, wamefanya biashara. Wamekuwa na tamasha la muziki wa bluzi, wana uwanja wa mashindano ya magari ambao umewahi kuandaa mbio za dunia za rallycross, na mwaka 1990 Mona Grudt, msichana wa hapo, alipotwaa taji la Miss Universe, alijinadi kwa Kiingereza kama malkia wa urembo kutoka Hell. Huyo alijua soko linataka nini.

Nirudi kwa mjomba: shamba la nani?

Hapa ndipo penyewe, na ndipo Kiswahili chetu kinaweza kutupoteza. Tukisema shamba, wengi tunaona mahali pa kulima. Mtu anaishi mjini Tanga na shamba lake liko Muheza. Gård ya Kinorwei ni zaidi ya hapo. Ni nyumba ya kuishi, zizi, ghala, konde, malisho, msitu wa kukata kuni, na watu waliomo, vyote vikibeba jina moja. Wasomaji wa Kilimanjaro, fikirini kihamba: migomba, nyumba, makaburi ya mababu, na ukoo unaojulikana kwa pale. Tofauti ni kwamba gård ina jina lake binafsi kama mtu, na tangu karne ya 19 ina namba yake kwenye daftari la ardhi la serikali.

Tofauti ya pili ni kwamba kijiji cha kilimo cha Norwei, kile wanachokiita bygd au kikiwa kidogo zaidi grend, mara nyingi si nyumba zilizobanana kama tunavyofahamu sisi. Ni mashamba yaliyotawanyika kwenye bonde au kando ya ziwa, kila moja kwenye konde lake, huenda na kanisa moja mahali fulani katikati. Kwa hiyo mara nyingi kijiji hakikuwa na jina kwanza. Shamba ndilo lililokuwa na jina. Reli ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kituo kikajengwa, kikahitaji jina, na jina lililokuwepo ni la mahali palepale: Hell. Nyumba zikaongezeka kukizunguka kituo, na pango likawa kijiji.

Majina ya mashamba ya Norwei yana tabaka kama kitunguu, na wataalamu wamejifunza kuyabashiria umri. Profesa Oluf Rygh, mzaliwa wa Verdal, upande huohuo wa Trøndelag, ndiye aliyeyakusanya na kuyafafanua kwa makumi ya maelfu. Juzuu za kwanza zilitoka mwaka 1897. Majina mafupi yasiyo na kiungo, kama Vik (ghuba ndogo), Nes (rasi), Berg (mlima au mwamba) na Haug (kilima kidogo), huwa miongoni mwa ya zamani kabisa, na Hell ni wa kundi hilo. Ni majina ya mtu aliyesimama, akatazama, akasema anachokiona. Sisi tuna Mlimani na Mbuyuni na Kisimani, kila wilaya na zake. Yanayoishia -heim (makao) na -vin (uwanda wa majani) nayo ni ya kale. Kisha yakaja ya -land, -stad na -set, yaliyoenea sana zama za Waviking na kabla yake kidogo. Yanayoishia -rud ni ya baadaye, zama za kati, watu walipoanza kufyeka misitu, maana rud ni mahali palipofyekwa. Hii si kanuni ya chuma, lakini ukiwa na ramani na penseli unaweza kuona jinsi watu walivyosogea: kwanza udongo mzuri ulioinuka, halafu mabonde, mwishowe kwenye vichaka ambavyo hakuna aliyevitaka.

Na katika tabaka hizo kuna moja ambayo si ya furaha. Mwaka 1349 tauni ilifika Bergen kwa meli, ikasambaa Norwei. Iliua watu wengi mno. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba nusu ya watu, au zaidi, walikufa katika wimbi lile na yaliyofuata. Mashamba ya pembezoni yalibaki bila mtu. Nyumba zikaoza, miti ikarudi, na majirani waliosalia wakasahau hata pale paliitwaje. Wakaanza kupaita ødegård: øde ni tupu, lililoachwa, na gård ndilo lile shamba. Karne zilipopita watu wakaongezeka tena, wakayarudia yale makonde, lakini jina lilikwishaganda. Mtu alijenga nyumba mpya yenye moshi na watoto mahali panapoitwa mahame. Kiswahili kina neno hilo kamili, mahame, na ninalipenda kwa jinsi lisivyohitaji maelezo.

Ndiyo, ni yule. Jina la Martin Ødegaard, aliyepewa unahodha wa Arsenal mwaka 2022, ni hilohilo. Na "aa" iliyomo ni tahajia ya zamani ya herufi å, ambayo Norwei iliipokea rasmi mwaka 1917. Familia nyingi zikaendelea na maandishi ya babu. Erling Haaland naye amebeba jina la shamba la tabaka la -land, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ardhi ya juu.

Ilikuwaje shamba likaingia kwenye jezi? Hapo zamani Mnorwei wa kijijini hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina lake, la baba yake, na mahali anapoishi. Tuseme Ole, mtoto wa Hans, anayeishi Berg: Ole Hansen Berg. Dada yake angekuwa Kari Hansdatter Berg. Berg hapo ilikuwa anwani, si ukoo. Ole akioa binti wa shamba la Haug na kuhamia kwa wakwe, tangu siku hiyo ni Ole Hansen Haug, na hakuna anayeona ajabu. Kijakazi aliyeajiriwa pale bila tone la damu yao naye angeweza kuandikwa Haug. Watu hupita, shamba hubaki na jina lake. Ukitafuta ukoo wa Mnorwei kwa jina la mwisho, utajikuta umekusanya kundi la majirani.

Waliohamia Marekani walilazimika kuchagua jina moja la kudumu, wengine wakashika la baba, wengine la shamba waliloliacha. Walter Mondale, makamu wa rais wa Marekani kati ya 1977 na 1981, jina lake ni Mundal, mashamba machache kando ya maji huko Fjærland, magharibi mwa Norwei, lililobadilishwa kidogo ili Wamarekani walitamke. Nyumbani, sheria ya mwaka 1923 ndiyo iliyomtaka kila mtu awe na jina la ukoo lisilobadilika. Wengi wa vijijini wakajiandikisha kwa shamba walilokuwemo siku hiyo. Ndiyo maana leo utakuta watu wawili wenye jina moja, wasio na undugu wowote, ambao babu zao walikaa tu kwenye vilima viwili tofauti vilivyoitwa Haug.

Bado jambo hili lina moto kwao. Kwa miaka mingi serikali, kupitia sheria ya majina ya mahali ya 1990, ilikuwa na kauli juu ya tahajia ya mashamba kwenye ramani na mabango, na wakulima wakalalamika: ukoo unaandika Haaland, bango la barabarani linaandika vingine. Mwaka 2015 sheria ikabadilishwa, mwenye shamba akapewa neno la mwisho juu ya tahajia ya shamba lake. Kwa mtu wa nje ni ugomvi wa herufi moja. Kwao ni kama mtu abadilishe tahajia kwenye kaburi la bibi yako kwa sababu ya kamusi mpya.

Nilimwandikia mjomba haya yote kwa vipande, usiku, na mwisho nikaongeza moja ambalo lilinifanya nimheshimu zaidi kwa kuuliza. Hell haikupewa jina la jehanamu. Lakini jehanamu yenyewe ilipewa jina la mahali! Neno letu limetoka Kiarabu, jahannam, na nyuma yake kuna Kiebrania Ge Hinnom, yaani Bonde la Hinomu. Bonde hilo liko nje kidogo ya mji wa kale wa Jerusalem, upande wa kusini-magharibi. Katika Biblia nabii Yeremia analilaani kwa sababu watu waliwateketeza watoto wao humo kwa sadaka. Laana ile ikakua katika vinywa vya watu mpaka jina la bonde likawa jina la adhabu ya akhera. Na bonde lipo, lina majani, na watu hupita humo kwa miguu.

Tiki mbili za buluu zikatokea. Kimya. Shangazi mmoja akaweka alama ya mikono iliyokunjwa, sijui kwa Hinomu au kwa urefu wa maandishi yangu.

Jumamosi yake Arsenal walikuwa wanacheza, na mjomba ni Arsenal kufa kupona. Dakika ya sabini hivi simu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa maneno machache: "Wanamtoa Mahame. Huyu kocha ana wazimu."